Kolchisini inavunja kiunzi cha seli. Mbona goti linanywea badala ya kuzidi kuvimba?

Mdau_Chumbageni

Wakuu habari za jioni. Niko duka la dawa hapa Tanga, mchana nauza dawa na usiku nasoma, maana najiendeleza kutoka mteknolojia dawa kwenda digrii.

Kuna mzee mmoja mteja wetu wa siku nyingi, mvuvi mstaafu. Gauti imemshika goti la kulia. Aliletwa na bajaji, mguu wa suruali umekunjwa mpaka pajani kwa sababu hata kitambaa kikimgusa anapiga kelele. Ngozi ya goti ilikuwa imevutika inang'aa, wekundu unaonekana hata kwenye ngozi yake nyeusi, na ukisogeza kiganja unapata joto kabla hujagusa. Hospitali walikuwa wamemwandikia kolchisini, vidonge vya miligramu 0.5. Keshokutwa yake mjukuu alikuja kuchukua dawa za presha za babu, akasema mzee kaamka mwenyewe, anatembea na fimbo, anagombana na watu kama kawaida yake.

Sasa tatizo langu. Noti za fisiolojia zinasema seli ina kiunzi chake ndani: nyuzi za aktini, nyuzi za kati, na vijibomba viitwavyo mikrotubuli. Noti za dawa zinasema kolchisini kazi yake ni kuzuia mikrotubuli isijijenge. Hapo sawa. Nikageuza ukurasa, nikakuta kwamba seli zinazotanda ndani ya mshipa wa damu zikivunjiwa mikrotubuli zinajikunja, zinaachana, na maji ya damu yanavuja kwenda nje.

Uvimbe wa goti si ndiyo hayo maji yaliyovuja? Kwa hesabu hiyo yule mzee alitakiwa arudi na goti la ukubwa wa mara mbili. Nilimuuliza mwalimu wetu, akaniambia nikariri tu, hayo hayatoki kwenye mtihani. Mwenye kuelewa anisaidie, na kwa Kiswahili ambacho naweza kumweleza hata yule mzee.

---

MzeeWaKahawa

Mimi gauti nilipewa na supu ya pweza na nyama choma za Ijumaa, mambo ya vijibomba siyajui. Nimevuta kiti nasikiliza.

---

FundiHadubini

Kijana wa Chumbageni, swali lako ni zuri kuliko jibu ulilopewa chuoni. Mimi nilikuwa fundi wa histolojia, kazi ya kukata tishu na kuzitazama kwa hadubini, nikafundisha hiyo hiyo histolojia, sasa nimestaafu niko Moshi na migomba yangu. Nina muda, kwa hiyo jibu litakuwa refu.

Anza kwa kuifuta ile picha ya bomba lililotoboka. Wanafunzi wangu wote wakisikia mshipa unavuja walikuwa wanachora tundu. Mshipa mdogo wa damu umetandazwa ndani safu moja tu ya seli. Ni bapa na nyembamba mno: kwenye slaidi ya kawaida unachokiona ni kiini kimetuna kidogo, halafu utepe wa waridi ambao kama rangi hukuipaka vizuri hauuoni kabisa. Seli hizo zimeshikana pembeni kwa protini iitwayo kadherini. Na kadherini ina mkia unaoingia ndani ya seli na kufungwa kwenye aktini. Hapo ndipo kiunzi kinapoingia kwenye habari ya kuvuja. Mshiko wa nje una nguvu kadiri aktini ya ndani ilivyokaa.

Seli ikiwa imetulia, aktini yake nyingi iko pembezoni, mkanda mwembamba unaozunguka chini ya utando na kuushikilia ule mshiko. Ikifika histamini, au thrombini, au bradikinini, vichochezi ambavyo mwili unavitoa ukiumia, mkanda ule unapangwa upya. Zinatokea kamba nene zinazokatiza katikati ya seli, na mayosini, protini ile ile inayovuta kwenye misuli, inaanza kuzivuta. Chukua watu walioshikana mikono mstari mmoja ufukweni: kila mtu akivuta mikono yake kifuani, mstari unakatika na hakuna aliyeumia. Ndiyo maana uvujaji wa histamini unaweza kwisha ndani ya dakika chache tu. Seli zinalegeza, zinashikana tena, kazi inaendelea. Ndani ya seli kuna swichi mbili za kukumbuka kwenye mtihani wako hata kama hawaulizi: RhoA inaamrisha kuvuta, Rac1 inaimarisha mkanda wa pembezoni.

Tumejuaje? Mwaka 1961 Guido Majno na George Palade waliwapa panya histamini, wakaweka chembe nyeusi kwenye damu yao, kisha wakatazama vipande vya tishu kwa hadubini ya elektroni. Chembe zilikuwa zimepita baina ya seli na seli, zikakwama kwenye tabaka la chini. Na haikuwa kwenye kapilari, jambo lililowashangaza wengi. Ilikuwa kwenye vijimshipa vya vena vinavyopokea damu mara tu baada ya kapilari. Mwaka 1969 Majno na wenzake wakaja na kitu ninachokipenda zaidi: viini vya seli zile vilikuwa vimekunjamana na kubanwa kingo zake. Kiini hakijikunji chenyewe. Kikikunjamana ujue seli nzima imejivuta ikakibana ndani. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi picha ya namna hiyo na kuwanyamazia mpaka mmoja aseme mwenyewe kwamba seli ile imejikaza.

Haya, mikrotubuli. Kuna protini iitwayo GEF-H1 ambayo kazi yake ni kuwasha RhoA. Wakati wa amani imefungwa kwenye mikrotubuli na haina la kufanya. Mikrotubuli ikivunjika inaachiwa, inakwenda kuwasha RhoA, na mvuto unaanza. Kwa hiyo noti zako hazikudanganyi. Ukipanda seli za mshipa kwenye sahani ya maabara ukazimwagia dawa ya kuvunja mikrotubuli, zitaachana kweli.

Ila sahani ile imepewa kiasi gani? Majaribio ya namna hiyo mara nyingi hutumia dawa kwa maikromola, na maikromola moja ni nanomola elfu. Mzee wako aliyemeza dozi sahihi ana nanogramu chache tu katika kila mililita ya damu, yaani nanomola za kuhesabika. Tofauti ni mara mia na kuendelea. Kwa kiasi hicho kidogo seli za mshipa hazivunjiwi vijibomba vyake. Anayeguswa ni mwingine, naye ni nyutrofili, chembechembe nyeupe ya damu inayokimbilia kwenye mchochota, yaani pale tishu inapowaka na kuvimba. Seli nyingi zina pampu ya kutapisha kolchisini nje, P-glikoprotini. Nyutrofili pampu hiyo anayo kidogo sana, kwa hiyo dawa inajazana ndani yake kuliko ilivyo kwenye damu.

Na nyutrofili bila kiunzi kinachofanya kazi vizuri ni mzigo tu. Kazi yake yote ni ya mwili: anyate juu ya ukuta wa mshipa, ajibanze, ajichomeke kwenye upenyo mdogo kuliko yeye, kiini chake chenye vipande kikipita kimoja kimoja, kisha atambae mpaka kwenye fuwele za urati, chumvi ya asidi ya yuriki iliyoganda gotini, ambazo ndizo zinazoleta gauti. Juu ya hayo, kolchisini kidogo inavuruga mpangilio wa selektini E juu ya seli za mshipa, ambayo ndiyo sehemu nyutrofili anaposhika ili asimame. Anapita na damu tu.

Sasa unganisha. Gautini nyutrofili wanaoingia ndio wanaoendelea kumwaga vimeng'enya na vichochezi vinavyoziambia seli za mshipa ziendelee kuvuta. Wakipungua, amri ya kuvuta inapungua, seli zinashikana, na maji yaliyokwisha vuja yanaondolewa na limfu. Kolchisini haikuziba chochote.

Kuhusu fuwele zenyewe, mwaka huo huo wa 1961 Daniel McCarty na Joseph Hollander walizionyesha kwenye ute wa magoti ya wagonjwa wa gauti kwa hadubini ya mwanga uliopolarishwa. Mwaka uliofuata McCarty na James Faires wakajichoma fuwele za urati kwenye magoti yao wenyewe ili waone kitakachotokea. Kilichotokea mwulize mzee wako.

Na jambo la mwisho, ukitaka kumshangaza mwalimu wako: tubulini, matofali ya mikrotubuli, ilifahamika kwa msaada wa kolchisini yenyewe. Gary Borisy na Edwin Taylor huko Chicago, 1967, waliifuatilia kolchisini yenye alama ya mionzi waone imenasa kwenye protini gani.

---

Mdau_Chumbageni

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili, ya pili na kalamu mkononi.

Naomba niongeze swali. Kama mishipa yote ina seli za namna hii, kwa nini maji yanajaa gotini na siyo, tuseme, kwenye msuli wa paja uliopo hapo hapo juu yake?

---

FundiHadubini

Marahaba. Sababu goti limejengwa livuje.

Kata kipande cha utando wa kiungo ukitazame. Safu ya juu inayoangalia ute ni seli moja hadi tatu kwenda chini, na chini yake hakuna lile tabaka gumu la kukalia ambalo unalikuta chini ya ngozi ya mdomo au ya utumbo. Seli zenyewe zina nafasi baina yao. Mara moja chini ya hapo kuna kapilari nyingi, na ukuta wao una vidirisha, vingi vikiwa upande unaoelekea kwenye ute. Msuli wa paja hauna kapilari za namna hiyo. Kwa hiyo ute wa goti ni maji ya damu yaliyochujwa, yakaongezewa vilainishi, hayaluroni na lubrisini, vinavyotengenezwa na seli za utando. Gegedu haina mshipa hata mmoja wa damu, inakula kupitia ute huo. Utando usingevuja, gegedu ingekufa njaa.

Goti zima lenye afya lina ute mililita chache tu, hauzidi kijiko kimoja cha chai. Nilipokuwa maabara, sampuli ikifika kitu cha kwanza tulikuwa tunaachia tone moja litoke kwenye sindano. Ute mzima unavutika, uzi mrefu wa sentimita kadhaa ndio ukatike. Ute wa goti lenye mchochota unadondoka tone tone, maji matupu, na umepata ukungu wa njano kiasi kwamba gazeti ukiliweka nyuma ya bomba la kioo husomi. Hayaluroni imekatwakatwa vipande vifupi na imezimuliwa na maji yaliyovuja. Ukihesabu chembechembe nyeupe, za kawaida hazifiki 200 kwa mikrolita, hapo unakuta maelfu, hata makumi elfu.

Zamani tulifundisha kwamba utando huo hauna kizuizi kabisa. Mwaka 2019 watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walionyesha kwenye panya kwamba makrofaji, seli zinazomeza uchafu, za safu ya juu zimeshikana kwa viungio vya kubana, zinatengeneza ngao baina ya ute na tishu ya chini, na ngao hiyo inavunjika ugonjwa wa baridi yabisi unapoanza. Nilikuwa tayari nimestaafu. Ingenilazimu nifute mchoro wangu wa ubaoni.

---

AfisaTabibu_Mbagala

Wakuu, nimefuatilia na nina la kuongeza kutoka wodini.

Hiyo habari ya seli kujivuta bila kufa ndiyo inayotofautisha wagonjwa wa dengi wanaopona na wanaokufa mikononi mwetu. Dar 2014 tuliiona, 2019 tukaiona tena. Mgonjwa ana homa siku tatu nne, homa inashuka, ndugu wanafurahi wanataka waruhusiwe. Hapo hapo ndipo plazma inapoanza kuvuja. Hematokriti, yaani sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, inapanda asilimia 20 na zaidi kwa sababu maji yametoka na chembe nyekundu zimebaki. Unamgonga kifua upande wa kulia chini, mlio umezibika, tayari kuna maji. Mapigo ya moyo yako mbio, presha ya juu na ya chini zimekaribiana. Virusi vinatoa protini iitwayo NS1 inayonyonyoa lile tabaka la sukari linalofunika seli za mshipa kwa ndani, na mishiko ya seli inalegea.

Lakini uvujaji huo unadumu saa 24 hadi 48 tu. Kisha seli zinashikana, na maji yote yale yanarudi kwenye damu yenyewe. Nimeona mgonjwa aliyeokolewa vizuri siku ya tano akazamishwa na dripu siku ya saba, kwa sababu aliyekuwa zamu aliendelea kumimina lita zile zile wakati mwili unarudisha maji yake. Mapafu yakajaa.

Na nyie wa maduka ya dawa, naomba sana. Mtu ana homa, viungo vinauma, hajapima, msimpe diklofenaki wala asprini. Paracetamoli, maji, na kipimo.

---

Viungo_Kisauni

Hamjambo nyote. Mwalimu shikamoo. Mimi ni mtu wa tiba ya mazoezi, Mombasa.

Mmegusa dengi, na huku kwetu jirani yake ni chikungunya. Ugonjwa wenyewe uliandikwa mara ya kwanza kusini kwenu, upande wa Newala, mlipuko wa 1952 na 1953. Mlipuko wa 2018 hapa Mombasa ulinijazia wagonjwa. Dengi akivuja huvuja kifuani na tumboni. Chiku huyu hukimbilia viungoni, kwani virusi vyaingia kwenye seli za ule utando wenyewe. Nilikuwa na mama mmoja mpika mahamri, vifundo vya mikono vimevimba hawezi kukanda unga, miezi ilipita.

Nataka kuwaambia jambo ambalo madaktari hulipita haraka. Maji yakiwa gotini hata mililita 20 au 30 tu, msuli wa mbele ya paja hunyamazishwa na neva. Mgonjwa hajui. Wamwambia kaza, yeye aamini amekaza, wewe umeweka vidole juu ya goti upande wa ndani na msuli u laini haujasikia habari. Ukingoja maji yakauke ndipo uanze mazoezi, wakuta paja limekonda. Mimi huanza mapema, mguu umenyooshwa kitandani, akandamize taulo lililokunjwa chini ya goti, ahesabu polepole, aachie. Kukunja na kukunjua kwa upole nako husaidia limfu kubeba maji.

Swali langu, mwalimu: gegedu yenyewe ina seli. Je, nazo zina kiunzi chenye vituko hivi?

---

FundiHadubini

Marahaba mwanangu. Zina, na vituko vyake ni kinyume kabisa cha vya mshipa.

Seli ya gegedu ikiwa nyumbani kwake ni ya duara, imekaa peke yake kwenye kishimo, aktini imejipanga pembezoni. Inatengeneza kolajeni aina ya 2. Itoe uiweke kwenye sahani bapa ya plastiki: inajitandaza, inaota zile kamba nene za aktini katikati, na baada ya kuizalisha vizazi kadhaa inaacha kolajeni ya 2 na kutoa aina ya 1, ya ngozi na makovu. Mwaka 1982 Paul Benya na Joy Shaffer walizichukua seli zilizokwisha kupotea hivyo wakaziweka ndani ya jeli ya agarosi, ambamo haziwezi kujitandaza. Zikarudi kuwa duara, zikarudi kutengeneza kolajeni ya 2. Baadaye ikaonekana kwamba hata kwenye sahani bapa, ukizipa dawa ya kuvunja aktini, kazi ya gegedu inarudi.

Kwa hiyo kijana wa Chumbageni, unaona kwa nini kukariri kwamba kiunzi kikivunjwa ni madhara kutakupotosha. Seli ya mshipa ukiivunjia mikrotubuli inavuta na kuvuja. Nyutrofili ukimvunjia hafiki safari. Seli ya gegedu iliyopotea ukiivunjia aktini inakumbuka kazi yake. Kila unaposoma sentensi ya namna ile kwenye noti uliza kwanza seli ya nani, uzi upi kati ya zile aina tatu, na dawa kiasi gani.

---

Ruwi_Zamani

Salamu kutoka Oman. Kwenye dawa za Kiyunani hii kolchisini asili yake inaitwa suranjan, kiazi cha ua, na Ibn Sina kaitaja kwa jongo. Babu yangu alikuwa akiisaga mwenyewe. Kwa nini mnahangaika na vidonge?

---

MamaDispensari

Kaka wa Ruwi, kwa sababu kidonge najua kina miligramu 0.5 na kiazi cha babu sijui kina ngapi. Dawa hii nafasi baina ya kutibu na kuua ni finyu. Akizidisha, siku ya kwanza ni kutapika na kuhara, watu wanadhani kala kitu kibaya. Siku zinazofuata uboho unaacha kutengeneza damu na viungo vinaanza kufeli kimoja baada ya kingine. Akipona nywele zinanyonyoka. Kuisafisha damu kwa mashine haiitoi, maana imeshajificha kwenye tishu. 

Hata hospitalini, tulipokuwa vijana tulifundishwa kumpa mgonjwa kidonge kila saa mpaka maumivu yaishe au ahare. Wengi walihara kwanza. Utafiti uliotoka 2010 ulilinganisha miligramu 4.8 kwa saa 6 na miligramu 1.8 ndani ya saa moja. Nafuu ilikuwa sawa. Waliohara kwenye dozi kubwa ni 77 katika kila 100, dozi ndogo 23. Kwa vidonge vya 0.5 maana yake ni viwili mara moja, kimoja baada ya saa moja, basi.

---

Mdau_Chumbageni

Asanteni sana wote. Dada MamaDispensari, umenifanya niinuke kwenye kiti. Yule mzee mwezi uliopita alikuwa na kikohozi, kuna mahali alipewa klarithromaisini, na jana mjukuu amekuja na cheti kile kile anataka irudiwe. Kolchisini bado anameza kimoja kimoja kila siku ya kuzuia. Sijauza, nimesema imeisha. Kuna shida?

---

MamaDispensari

Kuna shida kubwa, na umefanya vyema kutouza. Ile pampu aliyoitaja mwalimu, P-glikoprotini, klarithromaisini inaizuia. Inazuia pia kimeng'enya cha ini, CYP3A4, kinachoivunja kolchisini. Milango miwili ya kutokea imefungwa kwa pamoja, dawa inapanda kwenye damu kwa dozi ile ile ndogo. Watu wameshakufa kwa mchanganyiko huo, hasa wazee ambao figo zao zimechoka. Mpigie daktari aliyeandika, umwambie anameza kolchisini, umwombe abadilishe. Azithromaisini haina tabia hiyo kwa kiwango cha kuogopesha. Na kikohozi cha mwezi mzima kipimwe makohozi kabla ya antibayotiki nyingine yoyote.

Halafu hizo dawa za presha ni zipi? Kama ni verapamili au diltiazemu, nazo ziko kwenye orodha hiyo hiyo. Kama kuna haidroklorothiazaidi, hiyo inazuia figo kutoa asidi ya yuriki, na yawezekana ndiyo inayomrudishia gauti kila mara.

---

Mdau_Chumbageni

Nimefungua daftari la wateja. Amlodipini na haidroklorothiazaidi, miaka yote. Napiga simu sasa hivi kabla zahanati hawajafunga.

---

MzeeWaKahawa

Hebu ngojeni kwanza, nami nina hiyo hiyo kwenye droo.